Kutembea Ndani ya Vuta N'kuvute: Mwongozo wa Ziara ya Historia kutoka Mji Mkongwe hadi Ng'ambo

Mara ya kwanza nilipokwenda Unguja kuitafuta Vuta N'kuvute, nilirudi na picha kumi na saba za milango. Kijana mmoja alinidaka pale bandarini kabla sijaweka begi chini. Nikamwambia nataka kuona mitaa ya riwaya ya Adam Shafi. Akasema, "Ipo, twende." Tukaenda. Nikaoneshwa milango, duka la viungo la binamu yake, kisha kwa fahari kubwa nikaoneshwa nyumba ya mwanamuziki Freddie Mercury pale Shangani. Freddie Mercury hayumo katika Vuta N'kuvute. Saa mbili na nusu baadaye tulikuwa Darajani, sokoni ukingoni mwa Mji Mkongwe, na kijana akanyoosha mkono wa malipo: ziara imekwisha.

Kosa halikuwa lake peke yake. Nilikwenda bila mpango, nikamkuta mtu mwenye mpango wake. Nimerudi mara kadhaa tangu hapo, peke yangu na pamoja na wanafunzi, na nimeona kwamba jambo kubwa ni moja tu: ziara za kawaida huishia Darajani, na riwaya hii haiwezi kuishia Darajani. Ukitaka kuifuata, lazima uvuke uende Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Maelekezo yote yaliyomo humu yanakutayarisha kwa ule uvukaji.

Soma kwanza, na usome na penseli

Riwaya ilitoka mwaka 1999 kwa Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, na wengi wetu tuliijua kama kitabu cha mtihani wa kidato cha sita. Hilo ni tatizo. Kitabu cha mtihani tunakikumbuka kwa dhamira na mbinu za kisanaa, si kwa vichochoro. Kwa hiyo kisome upya kama vile hukuwahi kuulizwa "jadili". Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa baba yake. Anatoroka ndoa ile, jamaa zake wanamtenga, Mwajuma anampokea. Anampenda Denge, kijana anayepinga utawala wa Kiingereza na anayewindwa mchana na usiku na Inspekta Wright.

Unaposoma, fanya kazi tatu. Kwanza pigia mstari kila jina la mtaa, kila njia, kila chombo cha usafiri. Pili, weka alama kila mtu anapotoka upande mmoja wa mji kwenda wa pili, na uandike pembeni anakimbia nini. Tatu, andika kila mahali penye muziki, kahawa, chakula au sinema, maana hivyo ndivyo vitu utakavyoweza kuvikuta bado vinapumua. Nyumba nyingine zimeanguka. Kahawa haijaanguka.

Ukipata nafasi, tazama pia filamu iliyotokana na riwaya hii, aliyoiongoza Amil Shivji na iliyotoka mwaka 2021. Itakupa macho ya rangi na mwanga wa vichochoro. Lakini usiende nayo kama ramani. Filamu imechagua kipande cha hadithi na kukiendea kwa njia yake.

Ukiwa na muda wa kitabu cha pili, chukua Kuli ya mwandishi huyohuyo, ya mwaka 1979. Hicho kinahusu wafanyakazi wa bandari, na bandari ndipo miguu yako itakapogusa ardhi ya Unguja.

Jua ulikuwa mji wa namna gani

Bila haya machache, hata mwongozaji hodari atakuwa anakuhadithia hewani.

Zanzibar ya riwaya ni ya miaka ya 1950. Sultani ni Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, lakini neno la mwisho ni la Mwingereza. Mwaka 1948, mgomo ulioanza kwa wafanyakazi wa bandari mwezi Agosti ulienea mpaka ukawa mgomo wa mji mzima mwanzoni mwa Septemba. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishtakiwa kwa uchochezi kutokana na makala za gazeti la Al-Falaq. Chama cha Hizbu (ZNP) kikaundwa 1955, chama cha Afro-Shirazi kikafuata 1957, na Julai ya mwaka huo ukafanyika uchaguzi wa kwanza. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baadaye.

Sasa jiografia. Mji Mkongwe ulikuwa kama rasi: bahari mbele, na nyuma mkono wa bahari uliokatisha na kuutenga na ardhi kubwa. Ili kwenda upande wa pili ulipita darajani, ndiyo maana soko linaitwa Darajani ingawa leo hakuna daraja la kuonekana. Ule mkono wa bahari ulifukiwa kidogokidogo katika karne ya 20, na barabara kubwa ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado wanaiita Krikirodi, inafuata ukingo wake. Waliokaa mjini waliuita upande wa pili "ng'ambo", kwa maana ileile ya ng'ambo ya mto. Jina likaganda. Upande huu nyumba za mawe, upande ule nyumba za udongo na makuti. Upande huu wenye mali na wakubwa, upande ule watumishi, wachukuzi, mafundi. Si kweli kwamba mstari ulikuwa mkali kiasi hicho, maana maskini walikuwepo mjini na wenye nazo walikuwepo Ng'ambo, ila Waingereza walipanga mji kana kwamba ni mkali, na watu waliishi na matokeo yake.

UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2000, Ng'ambo haikuwamo. Kwa hiyo mabango, ramani na ziara za kitalii zote zinaishia palepale mkono wa bahari ulipokuwa. Mpaka wa mkoloni umekuwa mpaka wa mtalii.

Mtafute mwongozaji mapema, tena si bandarini

Wale vijana wanaowazonga wageni bandarini na Forodhani, Wazanzibari wenyewe wanawaita papasi, yaani wale wadudu wanaong'ang'ania ngozi ya ng'ombe. Wapo miongoni mwao wenye akili na ucheshi, lakini si watu wa ziara hii. Mwongoza watalii halali ana kitambulisho kinachotambuliwa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Mwombe akioneshe bila haya. Mwenye nacho hatakasirika.

Kitambulisho kinathibitisha kwamba anaruhusiwa kutembeza watu. Hakithibitishi kwamba amesoma riwaya. Mpigie simu siku mbili tatu kabla na umuulize maswali haya:

Amewahi kusoma Vuta N'kuvute, au yuko tayari kuipitia kabla hamjakutana? Jibu la "niliisoma shule" linatosha kuanzia.

Yuko tayari kuvuka barabara na kutembea Ng'ambo kwa miguu angalau saa moja na nusu? Wengine watasema huko hakuna cha kuona. Waage kwa adabu.

Anamfahamu mzee au bibi yeyote wa Ng'ambo anayekumbuka mji kabla ya 1964, ambaye hatachukizwa na wageni? Hili ndilo swali kubwa. Mwongozaji aliyezaliwa Miembeni au Kikwajuni, mwenye nyanya yake hai, ana thamani kuliko mwenye diploma tatu.

Na moja la kumpima: muulize kuhusu vile vyumba vya chini ya ardhi karibu na kanisa la Mkunazini, vinavyooneshwa kama mahali walipofungiwa watumwa. Soko la watumwa la pale lilikuwepo kweli, na lilifungwa 1873. Lakini kuna watafiti wanaosema vyumba vile vilijengwa baada ya soko kufungwa. Mwongozaji atakayekwambia kwamba jambo lina ubishi, na akueleze ubishi wenyewe, huyo mshike. Atakayekuapia idadi kamili ya waliolala mle ndani, mwache aendelee na wengine.

Nashauri kitu kimoja zaidi, nacho nimejifunza kwa kuchelewa: ukimpata mwongozaji mwanamke, mchukue. Vuta N'kuvute, pamoja na siasa zake zote, ni hadithi ya wanawake wawili ndani ya nyumba: Yasmin na Mwajuma. Mwongozaji mwanamume atakufikisha barazani, na baraza ni la wanaume. Mwanamke atapiga hodi, mtakaribishwa uani, mtakalishwa mkekani, na huko ndiko yanakosemwa ya ndoa za lazima, ngoma za wanawake na nyimbo za mafumbo. Tulipokwenda na mama mmoja wa makamo, wanafunzi wangu wa kike walitoweka nyuma ya pazia kwa dakika arobaini. Sisi wanaume tulibaki nje tukihesabu kuku.

Malipo mkubaliane kabla, kwa ziara nzima wala si kwa kichwa, na mkubaliane pia kwamba hakuna kupitishwa madukani. Mwambie wazi kwamba unajua kamisheni anayopoteza na utaifidia. Huo ni ukweli wa kazi yake. Kuupuuza ndiko kunakoleta mlango wa kumi na saba.

Siku, saa na watu wangapi

Epuka masika, Machi hadi Mei. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinageuka mifereji na Ng'ambo inakuwa tope. Vuli ya mwisho wa mwaka huvumilika, mvua hupiga ikapita. Usichague Ijumaa mchana. Ramadhani ina uzuri wake usiku, lakini mchana hakuna kahawa wala urojo, na kumsumbua mzee aliyefunga kwa maswali ya 1957 si uungwana.

Saa nzuri ya kuanza ni saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya kuta. Ziara nzima ni saa nne na ushei, pamoja na vituo vya kahawa, na kutembea kwenyewe hakuzidi kilomita tano au sita. Ukipenda, igawe: mjini asubuhi, mkapumzike adhuhuri, Ng'ambo baada ya alasiri, wakati watu wametoka kukaa nje. Mimi siku hizi naigawa hivyo.

Msizidi watu wanane. Niliwahi kupeleka wanafunzi thelathini na wawili kwa mara moja. Kichochoro kilijaa, mwenye mkokoteni wa samaki akakwama nyuma yetu, na maneno aliyotuambia hayamo katika kamusi ya TUKI. Kundi kubwa ligawe kwa waongozaji wawili wanaoanzia ncha tofauti.

Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti. Viatu viwe vya kufungwa, visivyoteleza. Maji, kofia, kitabu chenyewe chenye alama zako, daftari, na noti ndogondogo. Kitambulisho pia, hasa kama unavuka kwa boti kutoka Dar es Salaam.

Kipande cha kwanza: gatini hadi Shangani

Anzia Malindi, nje ya lango la bandari. Usipige picha bandarini. Simama tu upande wa pili wa barabara na umwombe mwongozaji akuhadithie kazi ya kuli: magunia ya karafuu mgongoni, kibarua cha siku kwa siku, na mgomo wa 1948. Hapa ndipo Kuli inapokutana na Vuta N'kuvute. Watu waliogoma mwaka ule ndio kaka na baba za watu wanaojificha na Denge muongo mmoja baadaye, na usipowaona wao kwanza, Denge ataonekana kama mtu aliyeshuka kutoka mbinguni na vitabu vyake.

Fuata ufuko. Upande wa kushoto kuna ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, yenye vibaraza vya mbao vilivyotobolewa kama lesi. Jiwe la msingi liliwekwa 1887. Simama hapo dakika tano kwa sababu ya Yasmin. Wahindi wa Zanzibar walikuwa na matajiri wa namna ya Topan na wenye viduka wa namna ya Raza, na umbali baina yao ulikuwa mkubwa kuliko tunavyodhani tunapowaita wote "wafanyabiashara".

Beit al-Ajaib utaiangalia kwa mbali. Jumba hili la Sultani Barghash, la 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020. Ngome Kongwe na Forodhani pita tu; utarudi jioni kula.

Shangani, nenda mpaka hoteli ya Africa House. Hii ilikuwa Klabu ya Waingereza. Leo watu wa kila rangi wanakunywa soda juu ya baraza lake wakitazama jua likizama, na ni vigumu kumweleza kijana kwamba babu yake angepita mlangoni hapo kwa trei mkononi tu. Fungua kitabu ukurasa wowote anaotokea Inspekta Wright, usome kwa sauti hapohapo. Ni sekunde chache, watu watakugeukia, lakini utamwona mtu yule anarudi wapi akishamaliza kazi ya kuwasaka wenzake Denge.

Kipande cha pili: Vuga, kahawa na nyumba za duka

Vuga ni mtaa wa serikali ya kikoloni. Mahakama Kuu ya 1908 ni kazi ya J. H. Sinclair, mtawala aliyekuwa pia msanifu majengo, aliyechanganya kuba za Kiarabu na taratibu za Kiingereza kana kwamba jengo litasahaulisha hukumu zinazotolewa ndani yake. Ikulu iko karibu. Kamera irudi mfukoni. Sinema ya Majestic ya miaka ya 1950 nayo iko Vuga, na mzee yeyote wa mji huu atakuwa na hadithi ya picha ya Kihindi aliyoiona akiwa mtoto, na wimbo anaoukumbuka mpaka leo bila kujua maana ya neno hata moja.

Kisha ingia ndani, Sokomuhogo, mpaka Jaws Kona. Jina limetokana na Jaws, ile filamu ya papa wa baharini. Kwa hiyo ni jipya kuliko miaka inayosimuliwa katika riwaya, lakini desturi si mpya: wanaume, dhumna, siasa, na muuza kahawa chungu katika vikombe vidogo. Agiza, kaa, nyamaza. Kosa la wageni hapa ni kuanza kuuliza. Kunywa vikombe viwili kwanza, ule na kashata. Anayetaka kuzungumza atakusemesha mwenyewe, na ukishasemeshwa, mtaje Denge. Mara moja nilifanya hivyo, mzee mmoja akauliza, "Denge yupi? Maana hapa walikuwepo wengi." Akanitajia watatu, majina yao halisi, ambao kila mmoja alikuwa na vitabu vya kufichwa. Sitayaandika.

Kutoka hapo elekea Hurumzi na Kiponda kuangalia nyumba za duka. Hiki ndicho kituo kinachopitwa haraka na kila ziara, na kwangu ndicho kituo cha Yasmin. Nyumba ya duka ni nyembamba: chini duka lenye milango ya mbao ya kukunja inayofungua upana wote, juu familia. Mume anauza chini. Mke yuko juu, kwenye dirisha. Mwombe mwongozaji akutafutie moja ambayo bado ina duka na familia, na kama mwenye nyumba ataridhia, panda ngazi. Ngazi ni kali na giza. Ukifika juu tazama chini dirishani, utaona njia nzima na watu wote wanaopita, na wote wako mbali kwa urefu wa ngazi ile. Mwanafunzi wangu mmoja aliposhuka alisema alikuwa ameandika insha nzima juu ya "kukosa uhuru kwa mwanamke" na hakuwahi kufikiria ngazi.

Mkunazini mtapita njiani kuelekea Darajani. Kanisa la Anglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa linastahili siku yake, si dakika kumi zilizobanwa katikati ya riwaya. Kama hujawahi kufika, rudi kesho.

Kipande cha tatu: kuvuka

Darajani, soko la 1904, kuna harufu ya pweza, kelele za daladala na msongamano wa kweli. Begi liweke mbele. Tokeni upande wa barabara, msimame ukingoni. Hapa mwombe mwongozaji asiseme kitu. Tafuta katika kitabu mahali ulipotia alama Yasmin anapoacha maisha ya kwanza kwenda kwa Mwajuma, mtu mmoja asome. Halafu vukeni.

Ni barabara ya magari tu. Dakika moja, ukipata dereva mwenye huruma. Lakini ndiyo hatua ndefu kuliko zote katika riwaya, kwa sababu binti wa Kihindi wa wakati ule aliyekwenda kukaa kwa Mswahili wa Ng'ambo hakuwa amehama mtaa. Alikuwa amehama ukoo, chakula, lugha ya nyumbani na jina zuri la mama yake.

Upande wa pili, mtapokewa na Mlandege na Mchangani, mitaa ya maduka ya nguo, kisha Michenzani. Na hapa utavunjika moyo kidogo, bora nikuambie mapema. Badala ya Ng'ambo ya udongo utaona majumba marefu ya ghorofa yaliyopangwa kama msalaba mkubwa kutoka kwenye mzunguko wa barabara. Yalijengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na ili yajengwe, nyumba nyingi za zamani zilibomolewa. Kwa maneno mengine, wale walioshinda kwa jina la watu wa Ng'ambo waliibomoa sehemu ya Ng'ambo ili kuwapa watu wake nyumba bora. Wakazi wanazungumza habari hii kwa namna mbili, mara nyingi mtu huyohuyo kwa pumzi moja: maji ya bomba na umeme tulipata; ua na jirani tulipoteza.

Msikae sana barabarani. Ingieni nyuma ya majumba, Miembeni, Kikwajuni, Kisimamajongoo, ambako nyumba za zamani za chini, zenye baraza mbele na ua nyuma, bado zimesimama baina ya za matofali. Majina ya mitaa yenyewe ni historia: Michenzani palikuwa na michenza, Miembeni miembe, na Kisiwandui jina lake limebeba ndui. Kisiwandui ndipo yalipo makao makuu ya zamani ya Afro-Shirazi, na ndipo alipouawa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Kaburi lake lipo hapo. Raha Leo iko karibu, palipokuwa makao ya wanamapinduzi katika siku zile za Januari 1964.

Ng'ambo ndiko alikoishi na kuimba Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akiuza vyungu, akapanda jahazi la sauti yake mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Alifariki 1950. Hakuna mtu anayeweza kuielewa Ng'ambo ya riwaya, wanawake wake hasa, bila kumsikiliza. Weka nyimbo zake kwenye simu kabla hujaja, na umwombe bibi mtakayemtembelea asikilize nanyi. Mara nyingi yeye ndiye atakayeanza kueleza nani alikuwa anapigwa fumbo.

Ukikaribishwa kwa mzee

Piga hodi, subiri. Assalaamu alaykum, kisha shikamoo kwa anayestahili. Viatu vinabaki mlangoni. Ukiwa na kilo mbili za sukari na majani ya chai kwenye mfuko, mkabidhi mwenye nyumba bila hotuba. Pesa usitoe mwanzoni mwa mazungumzo. Inageuza kumbukumbu kuwa bidhaa, na bidhaa hutiwa chumvi. Mwisho, kwa mkono wa mwongozaji na kimyakimya, inafaa.

Usiulize, "Mlikuwa chama gani?" wala "Mwaka 64 mlikuwa wapi?" Kuna nyumba mlimo wafu wa mambo hayo, na wauaji waliokuwa majirani. Uliza alikuwa anacheza wapi utotoni, walipika nini sikukuu, nani mtaani alikuwa na redio, binti akitoroka nyumbani ilikuwa je. Siasa itakuja yenyewe kama inataka kuja. Ikija, funga daftari mpaka uruhusiwe kuandika. Kurekodi sauti, uliza mara mbili: kabla, na tena mwishoni.

Mtu akikwambia jambo linalopingana na kitabu, usimsahihishe. Adam Shafi aliandika riwaya, na yule bibi anakuhadithia maisha yake.

Jioni, na siku ya pili

Rudini mjini kabla ya magharibi, kula Forodhani au tafuta bakuli la urojo mtaani, ambalo kwa maoni yangu ni bora na nafuu. Usiku ulizia mazoezi ya taarab. Culture Musical Club wako Vuga, na kundi kongwe la Ikhwani Safaa lilianzishwa 1905. Mazoezi yana raha kuliko tamasha la hotelini: waimbaji wanasimamishwa, wanarudia, wanagombana juu ya fidla.

Ukilala, siku ya pili nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, baada ya kupata kibali chao, ukaone magazeti ya miaka ile kwa macho yako. Na kama miguu bado ina nguvu, hadithi yenyewe inafika Mombasa, kwa Bukheti, mhusika mwingine wa riwaya. Mji wa Kale wa Mombasa una waongozaji wake na vichochoro vyake, na safari ile inataka mpango wa peke yake.

Nikirudi nyumbani huwa nafanya kitu kimoja kabla sijafua nguo. Nafungua zile kurasa nilizotia alama, napitia daftari, na pembeni ya kila mtaa naandika neno moja tu: *upo*, *umebomolewa*, au *uliza tena*. Nakala yangu sasa ina "uliza tena" nyingi kuliko mwaka jana.